Mama Kemunto, Umeniachia Makori

Mpendwa mke wangu, mama Kemunto,

Makori bado yu hai. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua huko uliko, kabla hujaniuliza kama mgongo wangu umepona au kama ng'ombe amezaa, ungeanza na Makori. Yu hai, anakohoa, na jioni haufuki moshi kwenye kibanda chake. Kutoka hapa uani kwangu ninamwona amekaa mlangoni, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, anaangalia ile njia uliyokuwa ukishukia wewe na kikapu chako.

Waliokuja kukuzika wamerudi makwao. Binti yetu Kemunto amerudi kwa mumewe kule Nyamira, na mkamwana wetu ndiye anayenipikia. Kigango kizima cha kanisa letu kinanitazama kama kuku wanavyomtazama mtu aliyeshika mahindi. Hakuna anayempelekea Makori chakula, maana kila mtu anajua kazi hiyo ilikuwa ya mji huu wa kwetu. Na kila mtu anajua vilevile kwamba mwenye mji huu aliapa mbele ya wazee asimlishe Makori hata tonge. Basi wanangoja waone. Makori naye anangoja, ila yeye anangoja kwa tumbo.

Wake wa watu wengine wakifa huwaachia waume zao baraka. Wewe ulinishika mkono, ukanivuta karibu, nikainama nikidhani sasa nitasikia neno la kunipoza maisha yangu yote. Ukasema, "Kikapu kiko nyuma ya mlango." Nikadhani homa imekupanda kichwani. Nikakuambia, "Sawa, sawa, pumzika," nawe ukanitazama kama mtu aliyemtuma mjinga sokoni, ukafumba macho.

Nakuandikia kwa Kiswahili, naam. Kwa lugha yetu ulinishinda kila tulipobishana. Kiswahili nilikipata kwenye mashamba ya chai ya Kericho nilipokuwa nyapara, na kule hakuna aliyethubutu kunijibu. Labda leo nitafika mwisho wa sentensi bila wewe kuniingilia. Tena naandika wazi, anayetaka kusoma na asome. Mambo yetu ni nani hayajui kuanzia hapa mpaka soko la Nyamache?

Asili ya ugomvi unaijua, lakini nitaieleza tena kwa sababu wewe ulizoea kuisimulia vibaya. Kati ya pareto yangu na ndizi za Makori kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho mtu akilala na mkewe kando, kimejaa. Mimi nilisema ni changu. Yeye akasema ni chake, akapanda mkonge kuweka mpaka. Wewe ulikuwa ukiwaambia watu eti ng'ombe wangu ndiye aliyevuka akala ndizi zake. Ng'ombe wangu hakuvuka. Alisukumwa na njaa. Wazee wakaja, wakala mbuzi wangu, wakafuta midomo, wakasema jambo hili ni zito watalifikiria. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, nikaokota udongo, nikaapa: "Makori asile chakula cha mji wangu. Siku nitakapompa hata tonge, meno yangu yote yadondoke!"

Wakati ule Makori alikuwa mwanamume wa kutazamwa. Alikuwa akienda Tabaka kuchimba yale mawe laini ya kuchonga, anarudi mabega yamejaa vumbi jeupe na mfuko una kitu. Hakuhitaji ugali wa mtu. Kisha jiwe likamwangukia mguuni, wakamrudisha amebebwa. Mkewe alikuwa amekwenda kwao siku nyingi na hakurudi, mtoto hakuna. Mimi nilipopata habari nilisikitika, Mungu shahidi. Lakini kiapo ni kiapo, na meno ni meno. Nilipokuambia hivyo hukusema kitu, uliendelea kuchambua mboga za chinsaga kwenye ungo. Nilipaswa kuogopa siku ile ile, maana wewe ukinyamaza lazima kuna kitu kinachemka mahali.

Ulikuwa mwaka ule tuliobatizwa. Unakumbuka Sista alikupa picha ya Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, ukaibandika ukutani juu ya mtungi? Binti wa mfalme, amejaza maua ya waridi kwenye nguo, na mumewe juu ya farasi anashangaa. Wewe ulimpenda yule mwanamke mara moja, ukasema hilo ndilo jina lako. Mimi nilimpenda farasi. Jina langu nililotaka lilikuwa Daudi, kwa sababu ya ile kazi aliyomfanyia Goliati. Kumbe wewe ulikuwa umekwisha kupita kwa katekista Yusufu, na nilipoinua kichwa maji yakinichuruzika nikasikia naitwa Ludoviko.

"Ludoviko ni nani?" nikakuuliza tukiwa njiani kurudi.

"Mume wa Elizabeti. Mtu mwema sana."

"Alifanya nini?"

"Alinyamaza," ukasema.

Tangu siku hiyo sijaandika jina hilo mahali popote. Chifu ananijua kwa jina la baba yangu na kituo cha pareto vilevile.

Habari zenyewe za mtakatifu tulizipata kwa katekista Yusufu, Jumapili moja ambayo Padri hakufika. Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Yule binti wa mfalme alikuwa akiwapelekea maskini mikate kila siku, wakubwa wa nyumbani wananung'unika kwamba anamaliza mali. Siku moja ya baridi kali mumewe akakutana naye njiani, akamuuliza, umebeba nini? Akafungua nguo yake, na ile mikate ilikuwa imegeuka kuwa maua ya waridi. Kanisa zima likavuta pumzi. Nikanyoosha mkono.

"Katekista, na wale maskini siku hiyo walikula nini? Waridi?"

Akaniambia nimekosa kuelewa somo. Watu wakacheka. Lakini wewe hukucheka, mama Kemunto. Uligeuka ukaniangalia kwa makini, kama mtu aliyepewa wazo zuri na mtu ambaye hakumtarajia. Sasa naelewa kwamba siku ile mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha. Mtakatifu alikuwa na mikate, ikageuka maua, na watu wakalala njaa. Wewe ukaona hapo pana kasoro ndogo ya kurekebisha.

Kilichofuata unakijua. Pareto ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, nami nikipanda kutoka mtoni nikakutana nawe unashuka, kikapu mkononi, mwendo wa mtu asiyetaka kusimamishwa.

"Mama Kemunto, umebeba nini?"

"Maua," ukasema, na macho yako yalikuwa makavu kabisa.

Nikasema fungua. Ukafungua. Yalikuwa maua.

Sasa hapa ndipo ulipokosea hesabu zako, wewe na mtakatifu wako. Kwao kule Ulaya ua ni kitu cha kunusa. Kwetu ua la pareto ni ada ya shule, ni chumvi, ni mabati ya nyumba niliyokuwa nikiiota tangu Kericho. Mume wa Elizabeti alipoona maua alimcha Mungu. Mimi nilipoona maua nilipiga kelele mpaka watu wa mlima wa pili wakatoka nje. "Mwizi! Mke wangu mwenyewe! Ananiibia pareto!" Ungefungua ukanionyesha ugali ningenung'unika kidogo tu. Lakini pareto?

Na viboko vya mawe! Hapo ndipo nilipokumbuka viboko. Kwa muda nilikuwa nikiona vinyama vya mawe vinazidi nyumbani. Kiboko mmoja wa jiwe jeupe kando ya mtungi. Mwingine anazuia mlango usifungwe na upepo. Kemunto anamlaza mwingine na kumfunika kitambaa. Huku kwetu milimani hakuna mtu aliyewahi kumwona kiboko kwa macho, na nyumba yangu imejaa viboko. Nikaunganisha mambo kama askari: mwanamke anaiba pareto, anaiuza kwa siri, ananunua viboko vya Tabaka. Nilikuwa na hakika hata ningeweka mkono kwenye Biblia.

Nikakupeleka kwa katekista. Jumapili baada ya ibada, benchi la mbele, wazee wa kanisa wamekaa, kikapu kikiwa ushahidi mbele yao, maana nilikushika tena asubuhi ile ile ukikipitisha nyuma ya ghala. Viboko nilivileta ndani ya gunia.

"Elizabeti," katekista akasema kwa upole, "mume wako anasema wewe unachukua pareto yake. Hii maneno ni ya kweli?"

Ukakaa kimya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, nami nalisema hapa wazi. Ungeweza kujitetea kwa neno moja. Ukakubali kuitwa mwizi mbele ya kigango kizima kuliko kumtaja Makori, kwa sababu ulijua nikisikia jina lake nitaiziba ile njia kwa miiba. Wanawake wenzako walikuwa wanakutazama na wewe ulikuwa unaangalia mikono yako.

Katekista akasema basi tuone hiyo pareto ni ya kiasi gani. Akachovya mkono kwenye kikapu mpaka chini. Akaruka juu, "Ee Nyasae, Mungu wangu!" na vidole vyake vinatoa mvuke. Chini ya maua kulikuwa na ugali wa wimbi wa moto, mkubwa, umefunikwa kwa jani la ndizi, na jani limepasuka. Kisha bibi mmoja wa nyuma akaanza kucheka, akafuata mwingine, na kanisa likawa soko.

"Uliweka maua juu ya nini?" nikakuuliza.

"Mtakatifu alisahau kuweka mkate chini," ukajibu. "Ndipo wewe ukauliza wale maskini walikula nini."

Hakuna aliyeuliza ugali ulikuwa wa nani. Wote waligeuza macho kwenye gunia langu la viboko. Katika mlima wetu ni mtu mmoja tu anayejua kuchonga jiwe, naye ana mguu mmoja mzuri. Desturi yetu unaijua kuliko mimi: chombo kilichokuja na chakula hakirudi kitupu. Mwenye ndizi huweka ndizi, mwenye mayai huweka mayai. Makori hakuwa na kitu ila vipande vya mawe vilivyobaki chini ya kitanda chake, na huko Tabaka alikuwa amejifunza mnyama mmoja tu.

Katekista alinigeukia. Nilingoja hotuba. Akasema tu, "Ludoviko," akachukua kofia yake akaenda kutafuta maji baridi.

Jioni nikakuambia, "Hayo mambo ya Makori yaishe." Ukasema, "Nimesikia." Mimi mjinga nikalala usingizi mzuri. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba kwako kusikia ni kazi ya masikio, na kukubali ni kazi nyingine kabisa.

Kikapu kikaendelea kushuka. Nami nikawa mtu wa kupenda ndege. Kila ulipopita na kikapu, mimi niliinua macho kutazama ndege kwenye mnazi wa jirani, na kama unavyojua hakuna mnazi wowote huku kwetu. Nilijiambia aliyeapa ni mimi, na anayetoa ni mwingine, kwa hiyo meno yangu hayahusiki. Nilikuwa nikiyakagua kwa ulimi kila asubuhi hata hivyo.

Halafu likaja lile jambo la kitanda. Nilikwenda Suneka kuuza fahali, nikalala huko, nikarudi siku ya pili mchana nimechoka, mvua imenipiga njia nzima. Mlangoni kwangu amekaa katekista Yusufu, Biblia gotini. Mtu akikuta katekista mlangoni kwake mchana wa siku ya kazi, moyo lazima umruke. Nikauliza nani amekufa. Akasema hakuna, keti kwanza, nikusimulie habari ya Mtakatifu Elizabeti.

"Nyingine?"

"Nyingine," akasema. "Siku moja mume wake amesafiri. Elizabeti akachukua mgonjwa wa ukoma, akamlaza kwa kitanda ya mume. Mume akarudi, akakasirika, akavuta blanketi. Unajua aliona nani pale? Bwana Yesu mwenyewe." Akanishika bega. "Sasa ingia, Ludoviko. Uvute blanketi kwa imani."

Niliingia. Kitandani mwangu kuna mtu amejifunika gubigubi, anakoroma. Wewe umesimama pembeni na bakuli la uji. Nilivuta blanketi kwa imani, mama Kemunto, imani yote niliyokuwa nayo. Nikamwona Makori. Tena amevaa koti langu la Kericho.

Akafungua jicho moja, akasema, "Kitanda chako kina bonde upande huu."

Nikakukumbusha kiapo. Ulikuwa umejitayarisha. "Uliapa chakula," ukasema, "kitanda hukukitaja. Kibanda chake kimebomolewa na mvua, kifua kimemshika, na mimi siwezi kumwacha akafa kwa sababu ya mkonge."

"Na humu ndani anakula nini, kama si chakula cha mji wangu?"

"Unga wa wimbi wa kwa mama yangu. Niliuleta kichwani mwenyewe. Nenda kauonje, si wa kwako."

Nilitafuta kosa katika maneno yako na sikulipata. Nikalala jikoni na ndama mpaka Makori alipopona. Hatukusemeshana naye hata siku moja, ila tulipitishia kwako. "Mwambie mwenye kitanda apunguze kukoroma huko jikoni, ndama hawalali." "Mwambie mwenye kikohozi koti lile lina vifungo vyote, nami nitavihesabu." Wewe katikati unabeba maneno huku na huku, uso hauna hata tabasamu. Sasa nikikumbuka nacheka, na nikimaliza kucheka nyumba inakuwa kimya sana.

Vijana wa kigango walimjengea kibanda kipya, akarudi. Mvua zilizofuata nikaamka asubuhi nikakuta mkonge wote wa mpakani umeng'olewa. Ulikuwa umepandwa upya ng'ambo, ndani kabisa ya ndizi zake. Kipande chote alikuwa ameniachia, bila mzee, bila mbuzi. Siku ile nilikuwa mtu mkubwa. Tulikuwa tumeketi kwenye chungu cha pombe, mirija mikononi, nikawaambia wanaume: "Mnaona? Makori ananiogopa. Mtu akisimama imara, adui anasogea mwenyewe." Wewe ulikuwa umeleta maji ya moto ya kuongezea pombe. Ulisikia, ukacheka mpaka ukalazimika kuweka sufuria chini. Nilidhani unafurahia ushindi wangu. Nikakupenda sana siku ile kwa kicheko hicho.

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Nyumba ikapata mabati, Kemunto akaolewa, kikapu kikashuka na kupanda, nami nikatazama ndege. Kisha ukaugua, na hayo mengine siyaandiki.

Baada ya matanga nilivumilia. Nilijiambia atatokea mtu. Mkamwana ananiogopa, hawezi kuthubutu. Katekista Yusufu amezeeka, ana watoto na wajukuu wengi kuliko vijiko. Kila jioni naletewa ugali, namega, na pale chini namwona Makori anaangalia njia. Juzi tonge lilinikwama. Nikalimeza kwa maji likakwama tena. Nikainuka nikaenda kuangalia nyuma ya mlango.

Kikapu kilikuwa kimetundikwa pale pale uliposema. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na maua machache ya pareto yaliyokauka na jani la ndizi ulilolikunja vizuri, tayari kwa kesho yake. Nililia, mama Kemunto. Nililia kwa sauti, mkamwana akaja mbio, nikamwambia ni moshi. Akatazama jiko, na moto ulikuwa umezimika. Yule binti ni mwerevu, aliondoka bila neno.

Nikaukata ugali wangu, nikampa nusu kubwa, maana nusu ndogo ilionekana ndogo mno. Jani juu yake. Kisha nikaenda kwenye mikeka nikachota pareto yangu mwenyewe kwa mikono yangu mwenyewe, nikaumwa kidogo moyoni, nikaimwaga juu. Nikashuka na njia yako. Mbele ya kanisa nani anainuka kutoka benchini?

"Umebeba nini, Ludoviko?"

"Maua," nikasema.

Katekista Yusufu akavua kofia. Hakuniambia nifungue. Akasema, "Basi pita upesi, hiyo maua yako inatoa mvuke."

Makori alisikia hatua zangu, akauliza nani. Nikajibu, "Mwenye kitanda." Akanitazama toka miguuni mpaka kichwani, akasogea kunipisha nafasi kwenye gogo.

"Kwa hivyo haya imeisha?" akaniuliza.

"Haya gani?"

"Haya yako. Mama Kemunto aliniambia iko siku itakuisha, utakuja mwenyewe." Alikuwa amekwisha kuchukua kikapu, anaondoa maua kwa ustadi wa mtu aliyezoea. "Kila siku akileta, anasema, 'Baba Kemunto amesema ule ushibe. Angekuja yeye, lakini anaona haya kwa yale maneno aliyoapa. Usimshukuru, utamwaibisha mbele ya watu.' Ndiyo sababu sikukushukuru, omogaka, mzee wangu. Usifikiri nilikosa adabu. Lakini mtu atakula bure mpaka lini? Nikaona nisipoweza kusema asante kwa mdomo, nitang'oa mkonge."

Mama Kemunto. Nilikaa kwenye lile gogo kama mtu aliyepigwa. Ile ardhi niliyojisifia kwenye mirija! Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, kwamba sikumtuma mtu, sikutoa hata punje, nilikuwa nikitazama ndege. Na yeye ameshika tonge, ananitabasamia kwa meno yake machache, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba adui yake anamkumbuka kila jioni. Nikaufunga mdomo. Ludoviko alinyamaza.

Alikula mpaka mwisho. Kisha akasema ugali umepoa, wewe ulikuwa unatembea haraka zaidi. Alipomaliza akapapasa chini ya kitanda, akaweka kitu kwenye kikapu, akanirudishia. Ni kiboko. Nimemweka juu ya mtungi, chini ya picha ya mtakatifu wako. Meno nimeyakagua njia nzima wakati wa kurudi na tena leo asubuhi. Yote yapo, hata lile bovu ambalo lingeng'oka nisingelalamika.

Nimekukasirikia, nakuambia wazi. Ulinifanya mtu mwema kisirisiri, bila kuniuliza, kwa ugali wa kwa mama yako na pareto ya kwangu. Natamani ungekuwa hapa nikugombeze, nawe uniambie umesikia. Nakukosa kila ninapokaa kula na kila ninapoinua macho na hakuna cha kukwepa kukitazama. Lakini sasa nifanyeje? Makori anajua nimekuwa mkarimu miaka yote hii, na uchoyo si kitu cha kuanza uzeeni.

Mkamwana ameleta ugali. Naona leo amepika wa watu wawili na hakusema kwa nini. Acha niishie hapa kabla haujapoa, Makori asije akanilinganisha nawe tena. Pumzika, mke wangu, nimekisikia kikapu, na nimekubali.

Mumeo, baba Kemunto,

Ludoviko